Udongo Ulioshiba

Jana jioni tulichimba mashimo matatu,
mimi na Isabirye, na jembe la marehemu Fadimula
ambalo mpini wake umepasuka, nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.
La kwanza chini, karibu na mafunjo,
pale nilipotaka sebule itazame bonde.
La pili katikati, penye mihogo.
La tatu juu kabisa, ubavuni mwa mibuni mitano
aliyoipanda mwaka alioagwa jeshini.

Kina cha mkono hadi kwapani.
Isabirye akalala kifudifudi, msumari mkononi,
akazikwaruza kuta za shimo,
kwa maana jembe, alisema, huulainisha mfinyanzi
ukafumba mdomo kama mtu mwenye adabu.
Ukitaka ukweli wake, uchubue kidogo.
Akatandika kokoto, vidole viwili.
Tukamimina maji ya kununua, madumu sita,
shilingi mia tano kila dumu,
nikaiona pensheni ikizama bila kuaga.

"Usiku huu tunaushibisha," akasema.
"Udongo wenye kiu humdanganya mpimaji.
Hata mlevi humpimi kwa glasi ya kwanza."

Sikupata usingizi.
Sserunkuuma, aliyeniuzia, aliapa kwa watoto wake
kwamba ardhi hii hunywa maji
kama mfungaji aliyesikia adhana ya magharibi.
Nami nilimwamini. Ilikuwa Februari,
na Februari, Bombo nzima imefunga.

Alfajiri shimo la kwanza lilikuwa na maji yale yale,
na chura ndani yake, ametulia
kama mwenye hati ya kiwanja.
Isabirye hakucheka. Aliandika.

La pili: kijiti chenye alama za kalamu,
simu juu ya jiwe ikihesabu.
Nusu saa, alama moja.
Nusu saa nyingine, hata alama haikutimia.
Tulikaa tu, wawili sisi, tukitazama maji
kama watu waliopeleka posa
wakaambiwa wasubiri ukumbini.

Ndipo nikamwona Nalwoga kule chini,
ameinama chemchemini na dumu la njano,
mjukuu mgongoni.
Hakuna aliyenifundisha. Hesabu ilijipiga yenyewe:
kile ambacho ardhi yangu itakataa kumeza
kitateremka taratibu, kwa heshima zote,
mpaka kwenye chai yake.

La tatu.
Dakika kumi, kidole kizima.
Tukajaza. Kumi na moja.
Tukajaza tena. Kumi na mbili, na hapo ikasimama,
kumi na mbili, kumi na mbili.
Nilitega sikio shimoni: sauti ndogo,
ya mtoto anayenyonya huku amelala.

"Tangi hapa," Isabirye akasema,
"na mitaro ipite pale."
Mkono wake ukaelekea kwenye mibuni.
Miwili, labda. Labda mitatu.
"Na sebule?"
Akakuna kidevu, akaikunja karatasi.
"Sebule, mama, itakaa itakapopata nafasi."

Maisha yangu yote nimeambiwa choo ni cha nyuma,
hakitajwi mbele ya sahani.
Leo kimetangulia kuchagua kiwanja
na nyumba nzima imepanga foleni nyuma yake.
Fadimula angefurahi, au angetukana,
yeye aliyechimba vyoo vya kambi miaka kumi na tisa
akafa akitumia cha jirani.

Isabirye alipakia vijiti vyake kwenye bodaboda,
akaniachia namba tatu kwenye kipande cha karatasi.
Lilikuwa limebaki dumu moja, nusu.
Nikayamwagia ile mibuni miwili ya mwanzo,
polepole, shina kwa shina,
ingawa Jumatatu shoka linakuja
na mvua haiko mbali.